Natafuta Gari Lisilotosha Ukoo

Gari langu linaitwa Pantoni. Jina hilo sikulipa mimi. Walilipa majirani zangu wa Kibaoni, enzi zile mtu akitaka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi lazima ashuke Kivukoni, akae juani, asubiri pantoni irudi kutoka ng'ambo ya Mto Kilombero. Pantoni ilikuwa haichagui: basi ndani, mbuzi ndani, baiskeli, matenga ya kuku, bibi harusi na mwenye homa. Majirani wakalitazama gari langu, wakaona hakuna tofauti. Linabeba kila kitu, linapiga kelele, linatoa moshi, na haliondoki mpaka lijae.

Tarehe 5 Mei 2018 Rais Magufuli alikuja kufungua daraja, mita 384, likapewa jina lake. Pantoni ya mtoni ikapumzishwa. Ya kwangu hakuna rais aliyekuja kuipumzisha.

Nilipolinunua nilikuwa na hoja. Hoja yenyewe ilikuwa na urefu wa kilomita 66.9, kutoka Kidatu hadi Ifakara, na masika ilikuwa na kina cha magoti. Wageni wa siku hizi ukiwasimulia wanadhani unatia chumvi. Mtu anatoka Ifakara alfajiri kavaa suruali nyeupe ya kwenda harusini Morogoro. Signali anashuka kusukuma basi, Kiberege suruali ina rangi ya uji wa ulezi, na Mang'ula ameshaamua kwamba harusi ataiona kwenye picha. Kwa barabara ile, gari linalovuta tairi zote nne lilikuwa kama jembe. Mtu hakuulizi kwa nini una jembe.

Halafu Agosti 2024 Rais Samia akaja akaifungua barabara ikiwa nyeusi tii, mistari myeupe katikati. Hoja yangu ikapakwa lami.

Mama watoto alisubiri wiki nzima, kwa adabu, kama mtu anayengoja tanga lianuliwe ndipo aulize habari za urithi. Akanipakulia wali, akasogeza bakuli la mchuzi wa kitoga, akakaa.

"Baba, tope si limeisha?"

"Limeisha."

"Sasa lile lililoko uani la nini?"

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ubaya wa kazi hii ni kwamba huwezi kujidanganya kwa muda mrefu. Pantoni likiwa na afya linakwenda kilomita saba kwa lita. Ifakara hadi Mikumi ni kilomita mia na ushee, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu lita thelathini. Gari dogo la kilomita kumi na tano kwa lita lingetumia kumi na nne. Lita kumi na sita zilizobaki mama watoto alikuwa ameshazipangia kazi kabla sijamaliza kugawanya.

Nikaongeza chumvi kwenye kidonda mwenyewe. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo za mafuta, mji kwa mji. Mimi huanza kuitazama Dar es Salaam, nasikitika kidogo. Kisha nateremka kuitafuta Kilombero, nasikitika sawasawa, maana mafuta nayo yanapanda gari kuja huku na nauli yao nalipa mimi. Mwaka 2017 Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari nilishangilia mpaka nikamnunulia jirani soda. Kumbe ada haikufa, imehama nyumba tu: wakaiweka kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Mwenye Vitz anailipa kwa kijiko. Mimi nailipa kwa debe.

Lakini nisiwe mnafiki. Mafuta ni kisingizio. Kinachonifanya nitake gari dogo ni ukoo.

Ifakara mwenye gari kubwa hana gari. Ana kisima cha mtaa, na watu wanapanga foleni na ndoo zao. Ijumaa shemeji ana gunia zake Idete. Jumamosi kuna harusi, na gari la maharusi limepatikana, ila "lile lako, mwalimu, ni la wazee na sufuria". Usiku wa manane wanagonga dirisha, mjamzito anapelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mjamzito simlalamikii hata siku moja. Akiniita saa tisa usiku nitaamka. Nawalalamikia ndugu zake saba wanaomsindikiza, kila mmoja na chupa ya chai, na mmoja kati yao anataka tupitie kwake kwanza akachukue sweta. Na hakuna anayeuliza mafuta. Yupo anayeuliza, tuseme ukweli: shangazi yangu. Akishakaa siti ya mbele na kufunga kanga vizuri, husema, "Mwanangu, mafuta si yamo?" Hilo si swali. Ni dua.

Halafu kuna kamati za harusi. Mtu anayeishi mbali atadhani kadi ya mchango inaandikwa kwa kuangalia undugu. Inaandikwa kwa kuangalia uani. Mwenye baiskeli elfu ishirini, mwenye bodaboda elfu hamsini, na mwenye gari refu lenye tairi ya akiba mgongoni anaandikiwa kama vile ni tawi la benki.

Kwa hiyo nikaenda kwa dalali nikiwa na sharti moja tu: nataka gari dogo kwa watu, kubwa kwa mpunga.

"Rudia, ticha."

Nikarudia. Nina ekari tatu Namwawala, mama watoto anapanda mbegu ya kwetu inayoitwa Kula na Bwana, na kila msimu huyo bwana anayetajwa ndiye anayetafuta usafiri. Nahitaji gunia nne ziingie, milango ifungwe. Watu wasiingie zaidi ya wawili.

Dalali akanitazama kwa huruma. "Hilo hawajalitengeneza."

Waliokuwa upande wa mama watoto walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Hata forodha. Gari likiingia nchini na injini isiyozidi cc 1,000 halitozwi ushuru wa bidhaa kwa ajili ya injini. Likizidi hapo mpaka 2,000 ni asilimia 5. Likipita hapo ni asilimia 10. Serikali nzima inakushika bega inakwambia, mzee, punguza. Mimi nilikuwa nanunua lililokwisha kulipiwa hayo yote, lakini dalali alinisomea viwango hivyo kama anasoma neno la Bwana.

Sasa gari utalipimaje? Vijana wanapima kwa muziki na kamera ya kurudi nyuma. Mimi nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa, nikaomba gunia moja la pumba za mpunga, nikalishona mdomo. Ukubwa ni ule ule wa gunia la mpunga, uzito mtu mmoja anabeba. Kila gari nililoitiwa nilikwenda na gunia langu begani. Wauzaji wanasema, "Karibu, jaribu injini." Nasema, "Fungua nyuma kwanza."

Vitz haikuchukua muda. Gunia liligoma kuingia nyuma, nikalipitisha mlango wa abiria, likakaa kiti kizima na kunitazama. Kwa ndoo mbili za perege na mkoba wa daftari ni gari safi kabisa, na mwalimu mwenzangu analo miaka sita sasa hajutii. Lakini mwalimu mwenzangu hana shamba. Ana akili.

Passo ndiyo iliyonitia aibu kijiweni. Ni gari jepesi, injini yake ndogo ya cc elfu moja ina silinda tatu tu, na kwa lita moja lilikwenda umbali ambao Pantoni lingeomba kupumzika mara mbili. Nililipenda. Nikapita nalo pale kahawani polepole, makusudi, nione. Wakanyamaza wote. Kisha mmoja akaniuliza kwa upole kama mama watoto hajambo na kama anajua kwamba nimechukua gari lake. Nikaendelea mbele kidogo, nikalirudisha. Najua huu ni ujinga. Mwanamume mzima anaweza kuendesha chochote, na gari halina jinsia. Nililirudisha hata hivyo.

Kwa Noah sikushusha hata pumzi. Dalali alisema ina siti nane, ukibana kumi. Nikamwuliza kama anajua maana ya jina lenyewe. Gari limepewa jina la Nuhu, wewe unategemea lipakie nini kama si kila kiumbe na mwenzake? Nikitoka kwenye Pantoni nikaingia kwenye Safina nitakuwa nimefanya nini?

IST ndiyo ilikaribia kunipata. Ilikuwa ya rangi ya fedha, namba D, na dalali aliitamka hiyo "namba D" kama mtu anayetaja shahada. Siti za nyuma zinalala vizuri. Gunia la pumba likaingia, likafuata la kufikirika la pili, na la tatu kwa kusukuma na goti. Nikaanza kulainika. Dalali akaliona hilo, akasema twende nalo mpaka Mang'ula, tulione barabarani.

Habari ya kwenda Mang'ula na gari Ifakara haifichiki. Nilipofika kumchukua mama watoto nikamkuta shangazi ameshavaa, shemeji ameshika kuku wawili, na mtoto wa jirani ana barua ya kupeleka. Tukawa watu sita na gunia la pumba. Siti za nyuma zikasimamishwa, gunia likaenda kwenye mapaja ya dalali.

Kwenye lami tupu IST ilikimbia kama haina habari na sisi. Taabu ilikuwa matuta. Tuta la kwanza gari lilisema *krraa* chini ya miguu yangu, sauti kama mtu anayekwangua ukoko. La pili nilipunguza mwendo mpaka bodaboda zikatupita zikitucheka, na bado *krraa*. Nilishuka nikapima kwa mkono. Pantoni chini ya tumbo panaingia shubiri nzima na hewa inabaki. Hapa shubiri yangu iligota kabla kidole gumba hakijanyooka. Na hiyo ni lami. Njia ya kutoka barabara kubwa kwenda shambani kwangu ina mifereji miwili ya tairi za trekta na kichuguu kirefu katikati. IST ingelala juu yake kama kasa, miguu ikipepea.

"Ticha, hii ni kwa sababu ya uzito," dalali alisema kutoka nyuma ya gunia. Mdomo wa gunia ulikuwa umeachia na pumba zilikuwa zinamwingia shingoni. Asiyewahi kuingiwa na pumba za mpunga shingoni amshukuru Mungu. Alijikuna mpaka Mang'ula.

Karibu na huko, tembo wanaoshuka kutoka Udzungwa kwenda upande wa Hifadhi ya Nyerere wamejengewa njia yao chini ya barabara. Lami inapita juu, wao wanapita chini, hakuna anayemsumbua mwenzake. Tuliposimama kuchimba dawa nilifikiri sana juu ya njia ile. Tembo hawakuambiwa wakonde. Lazima kuna mtu aliyekaa akapima urefu wao, akapima upana wao na watoto wao, ndipo zege likamwagwa. Mimi mwalimu mwenye cheti natakiwa nipime ukoo wangu kwa gari la Wajapani watatu.

Wakati wa kurudi kuku mmoja alipotea ndani ya gari. Tulimpata Kibaoni, chini ya usukani.

Baada ya hapo nikapata mawazo ambayo hata sasa nayaona ya busara, yalikosea tu nchi. Niliitaka kirikuu. Suzuki Carry ile, injini ya cc 660. Ukikusanya bodaboda nne na nusu hivi zikakubali kufanya ushirika ndiyo hiyo. Bodi nyuma, gunia nne bila kubishana, mafuta kidogo, na uzuri wake mkubwa: siti mbili. Mbili! Dereva na mtu mmoja. Shangazi akija, amekuja. Wa pili anaambiwa kwa masikitiko makubwa kwamba nafasi hakuna, ona mwenyewe. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nikiwa njiani kwenda kuilipia ikanipita kirikuu ya mtu. Nyuma ilikuwa na kwaya nzima. Soprano wamekaa ukingoni, besi wamesimama wameshika bomba, kinanda katikati kimefunikwa kanga, na mwalimu wa kwaya anawaongoza kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia kofia. Nikasimama kando ya barabara, nikahesabu. Kumi na wanne. Nikageuza.

Pale nilipogeuzia alikuwa amesimama mzee mmoja na baiskeli yake. Ifakara mji wetu ni tambarare kama meza, na baiskeli ni nyingi kiasi kwamba mgeni anadhani kuna mashindano. Yule mzee alikuwa na gunia mbili nyuma zimefungwa kwa mpira wa tairi, juu yake jogoo, na mbele kwenye usukani ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Nasikia unatafuta gari."

"Natafuta."

"La nini?"

Nikamweleza yote, mpunga, matuta, ndugu. Alisikiliza kwa makini, akatazama baiskeli yake, akanitazama mimi, akapanda, akaondoka zake bila kusema neno. Hakuna mtu aliyewahi kunitukana vizuri namna ile.

Probox nililikuta gereji, kwa fundi wangu. Alikuwa hajaniambia kwa sababu, alisema, alijua mimi ni mtu wa kupenda gari zuri. Kweli si zuri. Limetoka viwandani tangu 2002 likiwa gari la kazi, la kupeleka vifurushi na mafundi, na mbele lina uso wa karani aliyechoka. Nyuma limenyooka kama kabati lililolazwa. Ndugu zetu Wakenya wameligeuza matatu ya vijijini na wamelibebesha vitu ambavyo mimi siwezi kuandika hapa mkaamini. Siti ya nyuma ni ngumu, imesimama wima, mtu akikaa anakaa kama yuko kwenye usaili.

"Inalala?" nikauliza.

Fundi akavuta, siti ikalala, chini pakawa sakafu moja. Nikaleta gunia la pumba. Kulia. Kushoto. Mbele yake kulia. Mbele yake kushoto. Mlango ukafungwa kwa kidole. Hisabati ya darasa la tatu, na machozi yakanilengalenga. Nikapima chini kwa mkono: si shubiri ya Pantoni, lakini kidole gumba kilipumua. Shokapu za nyuma fundi alikuwa amezibadilisha, akaweka na vipande vya kuinulia springi. Kilomita kumi na nne kwa lita, alisema. Nimepima mwenyewe, kumi na tatu. Mafundi wote wana kilomita moja ya ukarimu.

Na siti ya nyuma ikiwa imelala, gari lina siti mbili.

"Fundi, hii siti inaweza kuharibika?"

"Haiwezi, mwalimu. Chuma hicho."

"Sikuulizi kama itaharibika. Nakuuliza kama inaweza kusemwa kwamba imeharibika."

Fundi ni mtu mzima mwenye wakwe. Akaelewa.

Pantoni lilichukuliwa na mfanyabiashara wa ndizi. Siku lilipoondoka majirani walitoka nje wakasimama kimya, na shangazi akalia, akitaja majina ya watu waliowahi kubebwa nalo, wazima na marehemu. Nilijisikia muuaji kwa dakika tatu. Wiki ile ile ikaja kadi ya harusi, na mchango niliokuwa nikiutazamia ushuke kwa kuwa sasa nina gari la karani ulikuwa umepanda. Nikamfuata mjumbe wa kamati. Akashangaa nashangaa nini. "Mwalimu, si umeuza gari? Una hela."

Probox lilikuwa la kampuni huko Japani. Ubavuni bado kuna maandishi yao, yamefifia, mistari mistari kama nyayo za kuku. Watoto wa mtaani wanabishana yanasemaje. Mwanangu anawaambia yanasema *usipakie ndugu*, na mimi sijamsahihisha. Na lina dada ndani. Ukiwasha tu, kabla hujaweka gia, sauti ya mwanamke inasema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu sana. Fundi alinieleza ni kile kimashine cha kulipia barabara za kwao, kinalalamika hakina kadi. Sijakitoa. Shangazi alipolipanda mara ya kwanza, siti ya mbele kama kawaida, nilipowasha dada akasema yake. Shangazi akageuka, akatazama dashibodi kwa upendo.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu. Kisha akaniambia, "Hili limelelewa."

Miezi miwili nilikuwa mtu huru. Wakija wanaulizia usafiri nawafungulia mlango wa nyuma, nawaonyesha sakafu, natikisa kichwa. "Siti mbovu. Fundi anatafuta spea." Wanasikitika na mimi, wengine wanatoa pole. Mpunga nikaubeba kutoka Namwawala safari tatu, gunia nne nne, na kile kichuguu cha katikati nilikikwepa kwa tairi moja kupita juu yake, gari likiwa limeinama kama mtu anayesikiliza siri. Mama watoto akaanza kunisifia mbele ya watu.

Kisha akafariki mzee wetu mmoja wa upande wa mama, Lupiro. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Nikaingia ndani kuvaa. Nilipotoka niliona gari limekaa chini kuliko nilivyoliacha.

Nikafungua mlango wa nyuma. Walikuwa wametandika mkeka. Juu ya mkeka, wamepangwa kwa akili ambayo mimi na gunia langu hatukuwahi kuifikia, walikaa akina mama wanane wamenyoosha miguu, wanne upande huu wanne upande ule, nyayo kwa nyayo, na katikati sufuria mbili kubwa, kapu la vitunguu na mtoto mmoja amelala. Siti ikiwa imesimama wangeenea watatu. Shangazi alikuwa mbele, kanga imeshafungwa.

"Tumeona siti ni mbovu, tukasema tusikusumbue," alisema. "Mafuta si yamo?"

Tulikwenda polepole. Mashamba pande zote mbili yalikuwa ya kijani, na upepo wa mto ulikuwa unaingia dirishani pamoja na mbu wawili watatu waliokuwa wanaelekea Lupiro pia. Kabla ya daraja askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono. Nikasimama, nikazima, nikashusha kioo. Alikuwa kijana, nadhifu, ana kile kitabu kidogo mkononi, na mimi kichwani nikawa nimeshaanza kuandika: kosa moja elfu thelathini.

Akazunguka nyuma. Akafungua mlango. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia sufuria ikigonga sufuria. Akarudi dirishani kwangu.

"Mzee, siti za nyuma ziko wapi?"

"Zimelala, afande."

"Na hao waliokaa juu yake? Gari hii ni ya mizigo au ya abiria?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kitaalamu shangazi aliponiwahi.

"Sisi mzigo, mwanangu," alisema. "Tuandikie mzigo tu."

Kijana akafunga kitabu, akakifungua tena. Akaniambia niwashe, nisogee pembeni kwanza, tuzungumze. Nikawasha. Dada wa Kijapani akasema maneno yake yote mpaka mwisho, kwa adabu, na sauti tisa zikaitikia kwa pamoja:

"Marahaba, mwanangu!"